Waya wa Kutoka Mtoni hadi kwa Mbinya

"Mama Hemedi, wewe huku chini mchana kutwa unaongeanga na nani?"

Mumbua aliuliza hivyo akiwa amemshika punda wake sikio, akingoja mtungi wa mwisho ujae. Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa jirani, nyumba yake ni ile ya kwanza ukipanda njia ya Mbumbuni, na aliteremka kisimani kila alipoishiwa maji. Khamisa, ambaye watu wote wa upande ule walimwita Mama Hemedi, alifuta dizeli mkononi kwa kipande cha leso.

"Na mashine," akajibu.

Mumbua akacheka. "Na inakujibu?"

"Ikinywa dizeli, hujibu."

Mumbua akampiga punda kofi la mgongoni, wakapanda mlima wote wawili, yeye na punda. Lakini swali lenyewe hakuondoka nalo. Lilibaki pale kisimani. Jioni, mashine iliponyamaza, Khamisa alijaribu kukumbuka maneno aliyokuwa ameyasema siku hiyo tangu swala ya alfajiri. Akayapata yale ya Mumbua, na tusi moja dogo alilomtupia nyani aliyeiba mhogo. Mengine hakuyaona.

Huo ulikuwa mwaka wa 1981, na Khamisa alikuwa mjane.

Kwao hapakuwa Ukambani. Alizaliwa Mtwapa, huko Pwani, na aliyemtoa huko ni Salim, fundi wa mashine, mtoto wa familia ya Kiislamu iliyouza nguo Mwingi tangu zamani. Salim alikuwa mtu wa kucheka na wa kuongea, Kikamba chake kilikuwa cha kuzaliwa nacho, kwa hiyo mkewe hakuona haja ya kujifunza. Salamu za sokoni zilimtosha. Wakulima wa kanisa lililo juu ya mlima walipojiunga wakanunua mashine ya kusukuma maji, walimtafuta Salim aitunze. Kisima kilichimbwa kando ya mto wa mchanga, mto ambao juu hauna tone miezi mingi lakini ukifukua unakuta maji yamelala. Mashine iliyavuta maji, ikayapandisha kwa bomba hadi tangi lililokuwa mlimani, na kutoka kwenye tangi yaliteremka yenyewe kwenye mashamba ya vitunguu na nyanya. Salim na mkewe walijengewa nyumba ya vyumba viwili karibu na mashine.

Halafu Salim akaugua homa, na haikuchukua hata juma, Mungu akamchukua. Wenzake walikuja na lori kutoka Mwingi, wakamswalia, wakamzika kwenye mwinuko nyuma ya nyumba, na jioni ile ile lori likaondoka. Hemedi, mtoto wao wa pekee, alikuwa tayari Mombasa, utingo wa lori la saruji. Alimwambia mama yake, "Twende." Mama akalitazama lile kaburi, moja tu, bila mwenzake wa imani mpaka ufike mbali sana, akasema, "Nani atakayemsomea baba yako?"

Akabaki. Mashine alikwisha kuijua kwa kumshikia mumewe spana, na wakulima walipoona maji yanapanda kama kawaida, hakuna aliyeuliza tena kama mwanamke anaweza kuzungusha hendeli.

Kazi yenyewe haikuwa na maneno. Juu mlimani, ubavuni mwa tangi, ndipo palipokuwa na boma la Mbinya, mwanamke wa makamo kama yeye, mwimbaji wa kanisani. Tangi likijaa, Mbinya alipandisha leso nyekundu juu ya mti mrefu, na Khamisa akiiona huko chini, alizima mashine. Kwa hiyo alishinda ameketi juu ya kigoda akitazama mlima. Kwa muda mrefu Mbinya kwake hakuwa mtu, alikuwa leso. Na mwezi wa saba, ukungu unapoushika mlima asubuhi hadi karibu saa sita, hata leso haikuwapo. Tangi lilifurika, dizeli ikaharibika bure, watu wakanung'unika.

Basi fundi mmoja wa maji, rafiki wa lile kanisa, akaleta simu mbili kuukuu za jeshi. Zilikuwa visanduku vizito vya rangi ya majani makavu, kila kimoja na mkono wake wa kuzungusha, na ndani kinatiwa betri mbili, yale mawe ya redio. Kimoja kikapigiliwa kwenye ukuta wa nyumba ya mashine, kingine kwenye baraza ya Mbinya, na waya ukapitishwa juu ya nguzo kutoka mtoni hadi kilele. Ukizungusha huku, kule kunalia. Sasa mtu angeweza kukaa mlimani na kuwasha au kuzima mashine iliyo mtoni, na mwenyekiti wa kikundi cha wakulima, Mzee Muthama, alitembea kwa madaha siku hiyo kama aliyeitengeneza yeye.

Siku ya kwanza, tangi lilipojaa, Mbinya alizungusha. Angeweza kusema Kikamba, maana Khamisa alikuwa ameshaokota maneno kadhaa, lakini Mbinya aliona simu ni kitu cha Kiswahili. Akatafuta Kiswahili chake chote. Na ulimi wa Mkamba, kama tunavyojua, herufi ya zedi huiona ngumu.

"Mama Hemedi!" akapaaza sauti. "Sima!"

Khamisa alishtuka kusikia sauti ya mtu sikioni mwake. Tena sauti nzuri. Kwao Pwani, sima ndiyo ugali.

"Sima? Saa hizi?"

"Saa hisi! Sima haraka!"

"Ahsante, dada yangu. Basi nabandika maji."

"Maji? Maji ni mingi! Maji ni mingi sana, sima!"

"Aa, usijali. Maji yakizidi nitaongeza unga."

Akaweka simu mahali pake, moyo wake ukiwa umechangamka kwa namna ambayo alikuwa ameisahau. Mgeni anakuja! Akawasha moto, akasonga sima ya watu wawili, akachuma na mchicha. Simu ililia tena, lakini mashine ilikuwa ikinguruma na mwiko uko mkononi, akasema moyoni, huyu naye ana njaa kweli.

Huko juu tangi lilikuwa linamwaga pande zote. Chini ya tangi, kwenye kiwanja, kanisa lilikuwa limeanika matofali mabichi ya kujengea nyumba ya mchungaji. Maji yaliyapitia, na matofali yale, yaliyokuwa yamepangwa vizuri, yakarudi kuwa udongo.

Mbinya aliteremka mlima mbio, sketi imelowa, matope hadi magotini. Akaingia, akauvuta mwenyewe ule waya wa kuzimia, mashine ikanyamaza. Akageuka aseme. Macho yake yakaangukia sinia.

"Hii ni nini?"

"Sima," akasema Khamisa. "Si umeagiza?"

Mbinya alilitazama sinia, akamtazama mwenye sinia, mwanamke mwembamba aliyejitanda leso vizuri kwa ajili ya mgeni, na sahani mbili zimekaa tayari. Midomo ikaanza kumcheza. Halafu akaketi chini palepale, na matope yake yote, akacheka mpaka akashika mbavu. Khamisa naye akacheka kabla hajajua anachocheka. Walipomaliza kuelezana wakala sima yote.

Wazee wa kanisa hawakucheka mara moja. Waliitisha kikao. Mbinya akasimama mbele yao. "Mimi nilisema sima," akasema, "na yeye akapika sima. Kosa iko wapi?" Mchungaji mwenyewe, mwenye nyumba iliyoyeyuka, ndiye aliyeanza kukohoa kwa kicheko. Ikaamuliwa hivi: mlio mmoja ni kuwasha, milio miwili ni kuzima, na mambo ya kusema yaachwe.

Lakini hayakuachwa. Kila siku Mbinya alipiga ile milio miwili, Khamisa akazima mashine, kisha wote wawili wakanyanyua simu.

"Sima, Mama Hemedi."

"Nimeshazima. Na wewe, u mzima?"

"Mimi ni msima. Sijasima."

Ikawa ndiyo salamu yao. Asubuhi, kabla jua halijapiga mchanga, mmoja akizungusha mwenzake humuuliza, "Umesima?" na jibu ni "Bado," halafu kazi inaanza. Mtu asiyewajua angedhani wanaongea habari za taa.

Hivyo ndivyo Khamisa alivyoyajua mambo ya mlimani bila kuyaona. Alijua nani ameoa, ng'ombe wa nani amezaa, na ni nani katika kwaya anayeimba kwa pua. Mwezi wa Ramadhani ulipokaribia, yeye akiwa bondeni, ambako jua hujificha mapema na milima hukata mbingu, hakuweza kuuona mwezi mwandamo. Mbinya alikuwa juu. Jioni hiyo alisimama barazani kwake, mwimbaji wa kanisa, akiutafuta mwezi wa watu wengine, kisha akazungusha simu. "Mama Hemedi, ule mwesi yako imetoka. Nyembamba kama ukucha. Anza kufunga." Na Khamisa alianza kufunga kwa neno lake.

Siku ngumu ilikuwa Jumapili. Jumapili mashine ililala, Mbinya alikuwa kanisani tangu asubuhi na baadaye kwa wageni wake, na waya haukuwa na kitu. Khamisa alifagia kaburi, akasoma alichokijua kwa moyo, akafua, akaanua. Upepo ukivuma kwa upande wa mlima, alisikia kengele ya kanisa, na baada ya hapo akasikia nyuki kwenye bomba. Wanawake waliokuja kuteka maji walimsalimu kwa heshima kama mama yao, "Wakya, mwaitu," wakajitwika, wakaenda. Hakuna aliyemkosea. Lakini saa ya magharibi, anaposimama kuswali peke yake bonde zima, alihisi kama mtu aliyeachwa kituoni na gari lenye watu wake wote. Jumatatu simu ikilia, mlio wake wa kwanza ulimfanya aseme Alhamdulillahi.

Halafu ilikuja ile asubuhi ya hendeli. Alikuwa ameizungusha mashine kama siku zote, mara ikashika na kurudi nyuma, hendeli ikamchapa juu ya goti, akaanguka. Mguu ulikuwa umevunjika. Hakupiga kelele, kwani nani angesikia? Alijikokota hadi ukutani, akainua mkono, akazungusha.

"Na leo umeamka mapema," ilisema sauti ya Mbinya. "Umesima?"

Khamisa alitaka kusema bado. Pumzi ikakataa.

"Mama Hemedi? Umesima?"

Mbinya alisikia mtu akihema tu. Akaiacha simu ikining'inia, akapiga mayowe boma hadi boma, na wanaume wakateremka na kitanda. Ndivyo Khamisa alivyofika hospitali, na ndivyo alivyorudi baadaye, mguu mmoja mfupi, fimbo mkononi. Kuanzia hapo hakuweza tena kupanda mlima. Kivuva, mkulima aliyekuwa na shamba kando ya mto, alipita kila asubuhi akamzungushia hendeli, akaenda kwenye vitunguu vyake. Mengine yote Khamisa aliendelea kuyafanya mwenyewe.

Mbinya akawa ndiye anayeteremka. Alikuja na maziwa lala, akakaa, akaondoka jua likipungua. Miaka ikaenda hivyo. Baadaye akaja mara chache, akasema ni magoti. Baadaye hakuja.

Jioni moja, Ramadhani ikikaribia, simu ililia. "Mwesi imetoka, Mama Hemedi."

Khamisa akatazama juu. Bondeni kulikuwa na wingu zito, na mvua ilikuwa inanukia. Tena siku ya mwandamo ilikuwa bado.

"Umeuona wapi, Mbinya?"

"Si huko huko."

"Huko wapi?"

Safari hii sauti ikaja ndogo. "Nilifikiri labda imetoka. Sitaki ukose kufunga kwa sababu yangu. Mama Hemedi, mimi siku hisi naona moshi tu. Tangi likijaa ninasikia kwa masikio, maji ikianza kuguguma. Usiambie Muthama."

"Sitamwambia mtu."

"Hata kuja kwako, si magoti. Ni njia siioni."

Khamisa aliegemea ukuta. Mmoja hawezi kupanda, mwingine hawezi kushuka. "Basi," akasema mwishowe, "mimi nitakuwa nikikuelezea bonde, na wewe unielezee mlima, hata kama ni wa zamani." Na Mbinya akaanza hapo hapo kumweleza mti wa leso ulivyokuwa.

Stima ilifika Mbumbuni, na mwaka wa 1997 nguzo zake zikashuka hadi mtoni. Kikundi kilipata pampu mpya, ndogo, isiyo na moshi. Kijana aliyekuja kuifunga aliitwa Ndululu, fundi wa mjini, mwenye adabu na maneno mengi. Watu walimzunguka kisimani.

"Juu kwenye tangi tunaweka boya," alieleza. "Maji yakipanda, boya linapanda, pampu inajizima. Yakishuka, inajiwasha. Haina haja ya mtu." Akaongeza, "Na hiyo si kitu. Nimesikia ng'ambo mtu anaweza kuwasha pampu ya shambani akiwa mji mwingine, kwa simu anayoitia mfukoni."

"Mfukoni?" Mumbua akauliza, mkono kiunoni, punda wa sasa akiwa mjukuu wa yule wa kwanza. "Na ile waya yake anaitia wapi? Kwa soksi?"

Watu wakacheka, na Khamisa akacheka nao kwenye kigoda chake. Lakini lile neno, haina haja ya mtu, lilimkaa kifuani. Kijana hakukosea. Ndivyo pampu ilivyokuwa.

Aliyemletea habari yote ni Kivuva, asubuhi, akiwa ameshika hendeli kwa mara za mwisho mwisho.

"Mama Hemedi, nyumba hii utakaa, hakuna mtu atakuondoa. Tumeongea. Lakini mashine inauswa. Na ile waya ya simu wanaikunja. Waya ya boya itapita kwa nguso hiso hiso, na Ndululu anasema hasiwesi kukaa pamoja."

"Wanaikunja lini?"

"Kesho, baada ya kikao kwa Mbinya. Na ufikirie kitu. Kamati inataka kukupa asante. Wengine wanasema blanketi, wengine wanasema mbusi. Usiogope kuomba, mwaitu. Ukitaka mbusi, sema mbusi ya kike."

Siku hiyo Mbinya alipiga milio miwili, Khamisa akazima, wakanyanyua. Wakaongea juu ya maharagwe. Wakaongea juu ya panzi. Habari ya waya hakuna aliyeigusa, na walipoagana kila mmoja alikaa na simu sikioni akingoja mwenzake aiweke kwanza.

Usiku ule Khamisa alimwomba Mungu ampe maneno machache, kwa sababu akisema mengi angelia, na wakimsikia analia wangemletea mbuzi wawili.

Kesho yake kikao kikakaa kwenye boma la Mbinya. Khamisa hakuweza kupanda, kwa hiyo walikubaliana watampigia. Alikaa mbele ya kile kisanduku tangu asubuhi. Mashine ilikuwa imeshafunguliwa, vipande vyake vimelala juu ya gunia, na bonde lilikuwa kimya kama Jumapili. Nje, kwenye nguzo ya kwanza, Ndululu alikuwa amekwisha kuegemeza ngazi.

Simu ikalia.

"Mama Hemedi, umesima?" Ni Mbinya.

"Bado. Na wewe?"

"Bado. Mwenyekiti anataka kuongea na wewe. Wako wote hapa."

Pakawa na kugongana kwa vitu. Kisha sauti ya mbali ya Mzee Muthama, kama mtu aliye ndani ya pipa, na ya Mbinya ikimkemea, "Geusa, Muthama! Hiyo unaongelea ni ya kusikia!" Kicheko cha watu kikapita kwenye waya. Kisha mwenyekiti akasikika wazi, akipaaza sauti kana kwamba hakuna waya.

"Mama Hemedi! Mwaitu! Kikundi kinakushukuru! Umetutunzia maji tangu marehemu Salim! Watu hapa wanasema blanketi na wengine wanasema mbusi, lakini mimi nimesema aulizwe mwenyewe! Unataka nini?"

Khamisa alikitazama kile kisanduku, mkono wake wa kuzungushia ulivyolainika kwa kushikwa. Huko nje ngazi ililia chini ya mguu wa Ndululu. Akaisogeza simu karibu na mdomo.

"Mwenyekiti, mashine chukueni, na blanketi mpeni mwingine. Nguzo pia ni zenu. Huu waya wa simu upitisheni chini, hata kwenye miiba, mtuachie mimi na Mbinya mpaka mmoja wetu asime."